Mama, Watoto Wawili na Ndege: Kutoka Mbaga Hadi KIA

Zamani mama wa Upare akisema anasafiri na watoto, tulijua anakwenda Moshi, Tanga au Dar es Salaam. Alikaa stendi ya Same na vifurushi vyake, upepo ukimpiga vumbi, mpaka basi lifike. Siku hizi wengine wanakwenda mbali zaidi. Mume yuko masomoni Ulaya au kazini Uarabuni, na mke humfuata baadaye, peke yake, akiwa na mtoto wa kunyonya na mwingine aliyeanza kukimbia juzi. Kliniki ya watoto naulizwa habari za ndege karibu kama ninavyoulizwa habari za chanjo.

Hivi karibuni nilimsindikiza mama mmoja wa usharika wetu kutoka Mbaga mpaka Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, ambao sote twauita KIA. Mdogo alikuwa na miezi mitano, mkubwa miaka miwili na nusu. Napenda kuwaandikia akina mama wenzangu yale tuliyozungumza njiani.

Magari ya milimani huteremka alfajiri, giza bado lipo. Barabara hujipinda kwenye migomba na mashamba ya maharage, kisha joto la bonde linakupokea Kisiwani, na upande mmoja unaona nyika ya Mkomazi ikianza kupata mwanga. Gari lilijaa. Kabla hatujaketi vizuri, bibi mmoja mwenye kikapu cha tangawizi alinyoosha mikono, "Nipe huyo mkubwa, mwanangu." Tulipofika bondeni mtoto alikuwa amelala kwenye kanga ya bibi huyo, wala mama yake hakujua jina la aliyempakata. Kwetu mapaja ya gari zima ni ya watoto wote, na hakuna anayeona ajabu.

Katika ndege mambo ni tofauti, na hapa ndipo akina mama wengi hushikwa na mshangao. Mtu mzima mmoja hupakata mtoto mmoja tu. Mtoto aliye chini ya miaka 2 husafiri juu ya mapaja, na katika safari za nje nauli yake kwa kawaida ni kama asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Akitimiza miaka 2 lazima awe na kiti chake. Basi mama wa mapacha wa mwaka mmoja hawezi kuwapakata wote wawili. Ama apate mtu mzima wa pili, ama amkatie mmoja tiketi ya kiti na kubeba kile kiti maalumu cha mtoto kinachokubaliwa na shirika la ndege. Ulizeni hayo siku ya kukata tiketi, msingoje uwanjani.

Sheria hiyo si ukatili. Juu ya viti huwekwa vinyago vya oksijeni, na kwa kawaida kila kundi la viti lina kimoja tu cha ziada. Wakiwapo watoto wawili wa kupakatwa hapo, mmoja atakosa. Mkanda nao una utaratibu wake. Mama hufunga wake kwanza, na mashirika mengi humpa mtoto mkanda mdogo unaounganishwa na ule wa mama. Usimfungie mtoto ndani ya mkanda wako mwenyewe, maana ndege ikisimama ghafla mwili wako wote utamkandamiza. Mbeleko pia hufunguliwa wakati wa kuruka na kutua, hata kama mtoto ndiyo kwanza amesinzia.

Tulipofika kwenye habari za kinyago, mwenzangu alinyamaza. Mama huambiwa avae chake kwanza, ndipo amvike mtoto. Kwa masikio ya mama huo ni ubinafsi mkubwa. Lakini ndege ikiwa juu kabisa na hewa yake ikitoka, mtu anaweza kupoteza fahamu kabla dakika moja haijaisha. Mama akizimia, watoto wote wawili hawana wa kuwasaidia. Nilimwambia alirudie neno hilo moyoni mpaka lisimuumize.

Kuhusu masikio, sisi wa milimani tunaelewa kuliko watu wa pwani. Kilele cha Shengena, kirefu kuliko vyote Upare, kina mita 2,462. Hewa ndani ya ndege nyingi ikiwa juu hulingana na ya mahali penye urefu wa kama mita 2,400. Kwa hiyo masikio ya mtoto ni kama yamepandishwa Shengena na kuteremshwa tena, ila kwa haraka zaidi. Maumivu huja hasa wakati wa kuteremka, kwa sababu njia ndogo inayotoka nyuma ya pua kwenda sikioni bado ni nyembamba kwa mtoto, na akiwa na mafua huziba. Kumeza huifungua. Ndege ikianza kushuka, na huanza kama nusu saa kabla ya kutua, mwamshe mdogo umnyonyeshe, na mkubwa mpe maji anywe kidogo kidogo. Mtoto mwenye homa au anayelia kwa sikio apimwe kabla ya safari, hata kama tiketi imelipwa.

Mama mkwe wake alikuwa amenivuta pembeni usiku uliotangulia. "Nesi, si uwape kile cha maji cha mafua, walale tu mpaka huko?" Simlaumu, alimhurumia mkwewe. Lakini hapana. Dawa za mafua zinazoleta usingizi si za kunyamazishia watoto. Mojawapo, promethazini, imewekewa onyo kali nchini Marekani tangu 2004 kwamba asipewe mtoto wa chini ya miaka 2, kwa kuwa inaweza kumzuia kupumua hata kufa. Mtoto anayelia ndani ya ndege ni mtoto anayepumua. Abiria wa jirani wakikunja uso, na wakunje.

Kutoka Same hadi KIA ni karibu kilomita 150 za lami, kupitia Mwanga, Himo, Moshi na Boma Ng'ombe. Lami haina shida. Shida ni mlima. Wakati wa mvua teremka siku moja kabla ulale Same au Moshi. Watu wa Mamba Myamba hawajasahau maporomoko ya Goha ya Novemba 2009. Uwanjani fika saa tatu kabla ya ndege.

Uwanja wenyewe, uliofunguliwa 1971, si mkubwa wa kumpotezea mtu, lakini msindikizaji huishia mlangoni, na kutoka hapo mapaja ya kuazima hutafutwa kwa kusema. Nilimfundisha mwenzangu maneno ya kusema bila aibu. Kwa karani, "Niko peke yangu na watoto wawili, naomba kiti chenye kitanda cha mtoto mbele yake." Ndege kubwa huwa na vitanda hivyo vichache, vyenye kikomo cha uzito, na mtoto hutolewa ndege ikitikisika. Kwa mhudumu, "Naomba unishikie huyu niende msalani na mwenzake." Na kwa mama wa kiti cha pili, salamu kwanza, kama ndani ya gari la Mbaga. Akina baba wanaousoma ukurasa huu kwa kuibia nao wasikie: kumpokea mkeo mlangoni pa uwanja, ukiwa umewahi, si hisani.

Kwenye mkoba wa mkononi tuliweka nepi za kutosha safari nzima na nusu yake, nguo za kubadilisha za watoto na blauzi moja ya mama, kwa sababu anayetapikiwa ni yeye. Hewa ya ndege ni kavu kuliko upepo wa Same, hivyo mama anyonyeshaye anywe maji mara kwa mara. Maziwa ya mtoto huruhusiwa ukaguzini hata yakizidi mililita 100, ila uyataje mapema. Kila mtoto awe na pasipoti yake. Chukua na vyeti vya kuzaliwa, pamoja na barua ya ridhaa ya baba, kwa kuwa mama aliye peke yake huweza kuulizwa watoto ni wa nani.

Kadi za kliniki nazo zisifungiwe kwenye sanduku. Mtoto akipata homa huko ugenini, hata wiki kadhaa baadaye, daktari wa Ulaya anaweza kufikiri mafua tu, maana malaria haoni kila siku. Mama aseme mwenyewe, siku hiyo hiyo, "Tumetoka Tanzania, naomba apimwe malaria."