Tope la shambani kwako, njaa ya matumbawe Malindi

UKIPANGA kuipeleka familia Malindi likizo ijayo, msomaji, safari yako isiishie kwenye mchanga na madafu. Maji yakipwa, tafuta mashua yenye sakafu ya kioo ikupeleke katika hifadhi ya bahari. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka wa 1968 na ni miongoni mwa za kwanza barani Afrika.

Tazama chini, kando ya matumbawe yaliyoshika mwamba. Ukibahatika, utaona kitu cha mviringo kama sahani, kimelala peke yake mchangani, kina mifuo myembamba mithili ya uyoga uliopinduliwa. Usidhani ni jiwe. Huyo ni mnyama, aina ya tumbawe liitwalo uyoga, na ule ufa wa katikati ndio mdomo wake.

Je, hula nini na hana macho wala miguu? Ndani ya nyama yake mnaishi mwani mdogo mno usioonekana kwa macho. Mchana mwani huo hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua na kumgawia mwenyeji wake sehemu kubwa. Lakini mkono mtupu haulambwi. Mnyama naye huupa makao, na uchafu wa mwili wake huwa mbolea.

Usiku huwinda. Hutoa minyiri yenye sumu, akanasa vijidudu vinavyoelea, na ute ukavibeba hadi mdomoni. Mwaka wa 2009, katika Bahari ya Shamu, watafiti waliwaona ndugu zake wakimeza hata konyeza, wale viumbe laini wanaowawasha waogeleaji.

Hata hivyo, tegemeo lake kubwa ni mwanga, na hapo ndipo wewe wa Nairobi unapohusika. Mto Nairobi huingia Mto Athi, ambao mbele huitwa Galana, kisha Sabaki, na kumwaga maji kaskazini mwa Malindi. Mvua ikinyesha, udongo wa mashamba ya huku bara huigeuza bahari kuwa ya hudhurungi. Mwanga ukizibwa, jiko la mwani huzimika. Uyoga huyu aweza kujifutua na kujipangusa tope, lakini kazi hiyo humla nguvu.

Tayari joto la bahari la mwaka wa 1998 lilifukuza mwani na kuua matumbawe mengi ya pwani yetu. Tusiyaongezee njaa. Kata matuta shambani, panda miti kando ya mto, na ukifika Malindi, tazama bila kukanyaga.