Saa tatu asubuhi

Mdogo wangu alinipigia simu mwezi Juni kutoka nyumbani kwa baba, ng'ambo ya mto, upande wa Ulanga. Alikuwa amekuja kutoka Mlimba kwa ajili ya msiba, akabaki kuvuna mpunga alioacha mzee. Siku hiyo mhojaji alifika na dodoso la vifo, lile wanaloulizwa wafiwa matanga yakishapita, ili watafiti wakadirie marehemu aliumwa nini.

"Kaka, wananiuliza miguu ilianza kuvimba lini. Nimejibu wiki moja kabla. Ni kweli?"

Nikamwambia nitaangalia. Akasema mhojaji atapita tena kesho yake.

Swali lile nalifahamu kabla hajalitaja. Bonde la Kilombero limezoea kuandikwa. Waswisi walifungua maabara Ifakara mwaka 1957, na tangu 1996 kaya za vijijini zimekuwa zikipitiwa mara kwa mara: nani kazaliwa, nani kahama, nani kafa. Nami niliwahi kuajiriwa kuingiza dodoso za namna hiyo kwenye kompyuta. Kila fomu iliingizwa mara mbili na watu wawili wasiotazamana, halafu majibu yakalinganishwa. Kwenye karatasi hapakuwa na kufuta. Ukikosea, unapiga mstari mmoja juu ya kosa, la zamani libaki linasomeka, unaandika jipya pembeni, unatia saini na tarehe. Atakayepaka wino mweupe amechafua fomu nzima.

Kazi hiyo ndiyo iliyonifundisha lile dirisha jeusi la amri, lisilo na picha wala vitufe, na humo nikakutana na programu ya shajara inayoitwa jrnl, herufi nne bila irabu hata moja. Unaandika jina lake, unaongeza sentensi yako, unabonyeza, basi. Yenyewe inapachika tarehe na saa mbele ya maneno na kuyaweka kwenye faili la maandishi matupu ambalo kompyuta yoyote, hata iliyochakaa kama yangu, inalifungua. Haihitaji intaneti. Miaka yangu mingi humo ni midogo kuliko picha moja ya simu. Faili inaweza kufungwa kwa nenosiri, lakini sikuifunga. Ukisahau nenosiri umepoteza vyote, nami najijua.

Ina ukaidi wake. Haijui juzi wala mtondo. Jana inaielewa kwa Kiingereza tu. Mwanzoni niliipa saa za kwetu, nikaandika saa 3 nikimaanisha tatu usiku, yenyewe ikaweka 03:00. Kwa hiyo kwa mujibu wa shajara yangu, baba aliwahi kula kambale na watoto wangu saa tisa za usiku wa manane. Nilipomsimulia alicheka hadi akakohoa. Yeye hesabu zake aliziweka kwa mkaa nyuma ya mlango: kijiti kwa kila gunia la supa, vijiti vitano vikifungwa kwa mkato mmoja.

Jambo jingine nililigundua baadaye. Ukiiambia kitu kilitokea jana bila kutaja saa, inajaza 09:00, saa tatu asubuhi. Ndivyo ilivyotengenezwa. Kwa hiyo nikipitia faili naweza kuona yale niliyoyaandika siku ileile na yale niliyoyaahirisha.

Usiku ule nilipokata simu nikaandika jrnl @baba. Alama hiyo niliiweka kila nilipomtaja, na programu huyakusanya yote yenye alama na kuyapanga kwa tarehe. Yakashuka mengi: mbegu, nauli ya bodaboda darajani, ugomvi wetu kuhusu bati. Chini kabisa yakawa matatu.

[2023-03-06 09:00] Baba kapiga simu. Nguruwe wameingia shamba la chini. Anasema viatu vinambana. @baba

[2023-03-21 20:47] Nimevuka kwa baba. Miguu imejaa, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Nitamleta hospitali wiki ijayo. @baba

[2023-04-09 09:00] Baba anataka amalize kwanza kuwinga ndege. Nimemwambia sawa. @baba

Alifariki tarehe 17 Aprili. Nilihesabu kwa vidole kama mtoto: wiki sita.

Ndege ni kweli walikuwepo. Mpunga ukianza kujaa maziwa, ukiacha dungu siku mbili unavuna makapi, na mzee hakuwa mtu wa kumwachia jirani kamba ya makopo yake. Lakini wiki ile niliyoiita "ijayo" sikuwa na kazi yoyote. Nilitafuta kwenye faili kitu kilichonizuia. Nilipata kwamba nilitengeneza baiskeli, na kwamba nilitazama mpira.

Maandishi matupu yana hatari hii, kwamba hayakubishii. Ipo amri inayofungua yale ya @baba peke yake kwenye kihariri. Unafuta moja, unahifadhi, limetoka. Yaliyobaki yanasogeleana, na hakuna pengo la kumwonyesha mtu. Nilifungua. Nikaweka kishale mwanzo wa 21 Machi. Lile ndilo lililoandikwa siku ileile, saa mbili na dakika arobaini na saba usiku, mkono wangu ukiwa bado unakumbuka lile shimo. Nikitoa hilo, yale mawili ya saa tatu asubuhi yanabaki viatu vinavyobana na ndege tu. Dada angebaki na wiki yake moja.

Nilikaa hapo hadi mke wangu akauliza kama umeme umekatika, maana nilikuwa kimya gizani. Nikafunga bila kuhifadhi.

Asubuhi nikampigia. Nilimsomea yote matatu, pamoja na saa zake, bila kueleza. Upande wa pili nikasikia kuku, kisha mtu anapura mpunga.

"Sema wiki sita," nikamwambia.

"Wewe alikwambia mara tatu?"

"Mara mbili kwa simu. Mara moja niliona mwenyewe."

Akanyamaza.

"Mimi aliniambia mara mbili, Kaka. Sikuandika popote." Kisha akasema, "Niandikie."

Nikafungua lile dirisha nikamuuliza lini. Mara ya kwanza hakuikumbuka kabisa. Ya pili ilikuwa Jumapili ya Matawi, ametoka kanisani, baba akamwambia analala na miguu juu ya gunia. Niliitafuta kwenye kalenda: 2 Aprili. Saa hakuwa nayo. Nikaandika maneno yake kama alivyoyasema, nikabonyeza, na programu ikaweka 09:00.