Milton Kampala

Maisha yangu ya kazi nimeyamalizia Kampala nikisomesha historia ya fasihi ya Kiingereza, na kadiri miaka ilivyosonga ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba vipindi vyake visifundishwe kama orodha ya vigogo, bali kama habari za lugha iliyowahi kudharauliwa kwao. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilishika ikulu na Kilatini kanisa. Kiingereza kikasukumwa chini. Karne tatu zikapita kabla ya Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, na watunzi wenzake kukirudishia hadhi. Kisha Caxton akafungua mtambo wake wa chapa Westminster mwaka 1476. Anayeyajua hayo huisoma kwa jicho jingine Biblia ya Kiluganda ya mwaka 1896, na historia ya wafalme wa Buganda aliyoichapisha Apolo Kaggwa mwaka 1901: lugha, dini, ufalme na mtambo vimekutana tena.

Wapo wanaosema mjadala wa kufundisha fasihi ya Kiingereza Afrika ulifungwa Nairobi mwaka 1968, pale Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipotaka idara ya Kiingereza ya chuo kikuu ifutwe. Mimi nawaunga mkono watatu hao. Walichokataa ni Uingereza kuwa kitovu. Hawakusema vitabu vyake vitupwe. Walitaka Afrika iwe katikati, na fasihi za wengine zitazamwe kutoka hapo. Pingamizi la muda ndilo zito zaidi: miaka mitatu ya shahada haiwatoshi mshairi Mwingereza Milton na Okot p'Bitek wa Uganda kwa pamoja, na mwenye haki ya kwanza ni Okot. Kwa hiyo nakubali kupunguza, hata washairi wengi wa karne ya 18 waende. Milton simwachi. Uingereza ilimkata mfalme kichwa mwaka 1649, ikaufuta ufalme, ikaurudisha mwaka 1660. Milton aliitetea kwa kalamu serikali iliyomwua mfalme, na utenzi wake, Paradise Lost, ukatoka mwaka 1667, yeye akiwa kipofu na upande wake umeshindwa. Uganda nayo ilizifuta falme zake mwaka 1967 na kuzirejesha mwaka 1993. Ni wapi pengine Milton atasomwa na vijana ambao babu na bibi zao wameyaona yote mawili, kiti kikiondolewa na kiti kikirudishwa, na ambao bado wanabishana nyumbani ni lipi kati ya hayo lililokuwa haki?