Matumbawe Katikati ya Mahindi

Niliposhuka kwenye basi Januari 1991, katika jimbo la Iowa, Marekani, jambo la kwanza nililouliza ni jina. Kibao cha barabarani kilisema Coralville, na Kiingereza changu cha ualimu kilinitosha kujua kwamba hapo ni mji wa matumbawe. Nikatazama huku na huku. Theluji. Ng'ambo ya theluji, mashina makavu ya mahindi. Bahari ya karibu ilikuwa zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pale. Mkenya aliyekuja kunipokea, ambaye alinitangulia mwaka mmoja, akasema, "Usihangaike nalo, ndugu yangu. Hawa huita tu."

Nilihangaika nalo. Baba yangu alikuwa mchoma chokaa Bumbwini, kaskazini mwa Unguja, na kabla sijajua kusoma nilikwishajua kupanga tanuu: magogo ya mnazi chini, mawe juu, duara linapanda hadi linampita mtu kimo, kisha moto wa usiku kucha na joto la kukuunguza nyusi. Tumbawe zuri baba alilijua kwa kuligonga na jingine na kutega sikio. Chokaa ya namna hiyo ndiyo iliyojenga Mji Mkongwe. Kwa hiyo kuliona jina lile limebandikwa penye mashamba ya mahindi kulinikera kidogo, kama kumwona mtu kavaa kanzu ya mwenziwe.

Mji wenyewe haukuwa na la kutazama. Sensa ya 1990 ilihesabu watu 10,347. Ulipakana na Iowa City, penye chuo kikuu, kiasi kwamba hujui umevuka mpaka saa ngapi, na wanafunzi wengi tulipanga Coralville kwa sababu kodi ilikuwa nafuu. Nilikuja kusomea upimaji wa elimu, yaani mitihani, na pale ndipo kwao mitihani: ACT, ule unaofanywa na vijana wa Kimarekani wanaotaka kuingia chuo, ulianzishwa Iowa City mwaka 1959. Barabara kuu ya Coralville waliiita Strip. Moteli, kituo cha mafuta, mkahawa wa baga, moteli tena. Mto Iowa ulipita nyuma ya yote hayo, rangi ya chai ya maziwa, na hakuna aliyeuangalia.

Chini yangu, kwenye nyumba ya kupanga, alikaa mwalimu mstaafu. Nilimwita Bibi, akapenda. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba jina halikutoka hewani. Katika miaka ya 1860 Louis Agassiz, mtaalamu wa viumbe kutoka Uswisi aliyefundisha Harvard, alipita huko akayaona matumbawe kwenye mawe ya kando ya mto na kuyatolea mhadhara. Jina likashika, na mji ukasajiliwa 1873. Akanionyesha pia penye kijito cha Clear Creek, walipopiga kambi waumini wa dhehebu la Wamormoni mwaka 1856. Reli ilikuwa ikiishia Iowa City, hivyo waliotoka Ulaya walishuka hapo, wakaunda mikokoteni, wakaisukuma kwa miguu hadi Salt Lake City, mwendo wa kilomita 2,000 hivi. Nimewaona mahamali wa soko la Darajani, mjini Unguja, wakisukuma mkokoteni wa viazi jua kali. Salt Lake City sikuthubutu kuifikiria.

Mwaka 1993 mvua haikujua kukoma. Juu ya mji, kilomita chache, lipo bwawa lililojengwa na kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani na kukamilika 1958, kazi yake ikiwa ni hiyo hiyo ya kuzuia mafuriko. Lina ukingo wa zege wa dharura, pale maji yanapomwagikia bwawa likizidiwa, na kwa miaka 35 maji hayakuwahi kuugusa. Tarehe 5 Julai yakaupita. Yakaendelea kuupita siku 28.

Tulijaza mchanga kwenye viroba. Mimi nashika mdomo wa kiroba, mwenzangu anamimina kwa koleo, mwingine anafunga, foleni ya watu inapokezana hadi mtoni. Sikumjua hata mmoja kwa jina, na mikono ilitoka malengelenge. Mbu walikuwa wengi na wakubwa kuliko wa Bumbwini. Hilo niliandika nyumbani, wakadhani natia chumvi.

Maji yalipopungua Bibi akanipakia kwenye gari lake, akasema kuna kitu lazima nikione. Chini ya ukingo ule palikuwa na barabara na uwanja wa kupigia kambi. Sasa hapakuwa na lolote: lami, miti na udongo vyote vilikwenda na maji, mahali pengine kina cha mita tano hivi. Kilichobaki ni mwamba wa kijivu umelala bapa, na juu yake watu wazima wanatembea wameinama, kama kina mama wa kwetu wanaochokoa chaza wakati wa bamvua.

Nikapiga magoti. Nikatema mate kidoleni, nikasugua. Vijumba vya pembe sita vikajitokeza, vimeshikana kama sega la nyuki. Tumbawe. Pembeni yake vipande vya mviringo vyenye tundu katikati, saizi ya ushanga, vya mnyama wa bahari aliyekuwa na shina kama mmea. Na kome wadogo waliofumba wasifumbue tena. Bwana mmoja wa jiolojia alikuwa akiwaelezea watu: miaka milioni 375, bahari ya joto, kina kifupi, na wakati huo Iowa ilikuwa kusini ya ikweta. Kusini ya ikweta, kama Unguja. Nilicheka peke yangu mpaka Bibi akageuka.

Nikamwandikia baba. Jibu lilikuja Novemba kwa mkono wa mdogo wangu, maana baba kalamu haikuwa yake. Salamu nyingi, habari za ng'ombe, kisha: "Unasema limegeuka jiwe gumu. Basi litakula kuni nyingi. Waulize wanachomea kuni gani." Nikauliza. Kule chokaa huchomwa viwandani, kwa makaa ya mawe na gesi. Jibu hilo hakulipenda.

Niliondoka 1994, nikarudi Unguja. Mafuriko ya Juni 2008, makubwa kuliko yale, niliyajua kwa kuchelewa, kwani Juni ile Unguja nzima ilikuwa gizani karibu mwezi mzima baada ya umeme kukatika. Niliona picha kwenye mkahawa mmoja wa intaneti wenye jenereta: Strip imejaa maji, mabango ya moteli yamechomoza kama ngalawa zilizotia nanga.

Niliporudi kutembea, 2019, nilipotea. Mashamba niliyoyapita siku ya kwanza yamekuwa duka kubwa lililofunguliwa 1998, lenye uwanja wa kuteleza kwenye barafu ndani. Kando ya mto, palipokuwa na maghala na maegesho ya malori, sasa pana hoteli, kliniki ya chuo kikuu na watu wanakula wakiutazama mto. Tuta la reli limeinuliwa, kuta za kuzuia mafuriko zimejengwa. Sensa ya 2020 iliwakuta watu 22,318. Nyumba ni mbao na plastiki, zinaota upesi kama uyoga, na sioni itakayosimama miaka mia. Lakini mimi nimelelewa na mchoma chokaa, msinisikilize sana.

Kwenye foleni ya dukani, mbele yangu mama wa kitenge alikuwa akimkemea mwanawe: "Rudisha ile kitu!" Nikamwamkia. Akageuka, macho yakamtoka.

"Papa, wewe ni wa fasi gani?"

"Zanzibar, mama. Na wewe?"

"Uvira, kule Kongo." Akamwonyesha mtoto kwa kidevu. "Masomo iliwapelekaka kule kwa mawe, akarudi na viatu vichafu. Eti hapa kulikuwaka bahari. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Sasa ilienda wapi?"

"Iko kwetu," nikamwambia.

Mama akacheka sana. Mtoto alinitazama kama mimi ndiye niliyeichukua.