Jibini Lililopewa Jina la Kibanda

Mwaka uliopita nilitumwa na ofisi yangu kuhudhuria mafunzo ya juma moja katika hoteli kubwa mjini. Asubuhi ya kwanza niliona mezani bakuli la kioo lililojaa chembechembe nyeupe, laini na zenye unyevu. Nikapakua kijiko kimoja, nikaonja, nikaduwaa. Ladha ile niliijua tangu utoto wangu.

Nilimwuliza mpishi jina la chakula kile. Akanijibu kwa adabu kwamba ni jibini la Kizungu liitwalo "cottage cheese". Neno "cottage" maana yake ni kibanda, yaani kijumba cha mkulima wa hali ya chini. Kwa kuwa nilisomea ualimu kabla ya kuingia katika utumishi wa serikali, swali lisilo na jibu huninyima usingizi. Nikaingia maktaba kutafuta kwa nini chakula cha hotelini kiitwe jibini la kibandani.

Aina nyingi za jibini zina majina ya mahali panapoonekana katika ramani. Cheddar, kwa mfano, ni kijiji cha Uingereza. Hili halikupewa jina la mji wala la kijiji. Lilipewa jina la nyumba, tena nyumba ya mtu asiye na mali.

Hapo kale wakulima wadogo wa Ulaya, na wale waliohamia Marekani, walifuga ng'ombe wachache tu. Mama wa nyumba aliyaacha maziwa yatulie katika chombo kipana mpaka malai yapande juu. Akayaengua malai hayo, akayasukasuka yakawa siagi. Siagi ilikuwa fedha, na mara nyingi ilikwenda sokoni. Yaliyobaki chomboni yalikuwa maziwa mepesi yasiyo na mafuta, ambayo bei yake ilikuwa ndogo mno. Lakini mama hakuyamwaga. Aliyaweka mahali penye joto yachachuke. Vijidudu vilivyomo hugeuza sukari ya maziwa kuwa asidi, na asidi hiyo huigandisha protini ikawa mabonge. Akayapasha moto kidogo, akayachuja kwa kitambaa, akatia chumvi. Jibini la namna hii haliwekwi miezi mingi likomae. Huliwa lingali bichi. Basi lilitengenezwa kibandani, likaliwa kibandani, na jina likatoka huko.

Huko Marekani lilikuwa na majina mengine pia. Walowezi wenye asili ya Ujerumani na Uholanzi waliliita jibini la kupaka, na New York liliitwa jibini la chungu. John Russell Bartlett alikwisha kuyaandika majina hayo, pamoja na hili la kibanda, katika kamusi yake ya maneno ya Kimarekani iliyotolewa mwaka 1848. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917, nyama ilihitajika kwa askari waliopelekwa ng'ambo. Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo ikatoa mabango ya kuwahimiza raia wale jibini la kibandani kwa wingi ili wapunguze kula nyama. Chakula cha wanyonge kikawa msaada kwa jeshi.

Sasa nieleze jambo lililonichoma moyo nilipokuwa nikisoma hayo.

Marehemu baba yangu alikuwa askari polisi, nasi tulikaa katika nyumba za polisi. Mjomba alikuwa akituletea maziwa kutoka kwake. Mama aliengua malai, akatengeneza samli, akawauzia majirani ili apate karo yangu. Maziwa yaliyobaki aliyaacha yagande, akayachuja kwa kitambaa safi, akayatia chumvi, nasi tukala kwa viazi vitamu.

Nilipokuwa katika chuo cha ualimu, wenzangu watatu walikuja kututembelea wakati wa likizo. Mama akaleta viazi, na lile jibini lake katika sahani ya bati. Nikamnong'oneza: "Mama, rudisha hiyo. Wageni hawali makapi." Hakusema neno. Alichukua sahani akarudi jikoni, na tangu siku ile hakuniandalia tena chakula kile.

Mafunzo yalipokwisha, nilikwenda kwake pamoja na mke wangu na watoto. Nikamsimulia habari ya jina lile. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na siagi yao, aliila nani?"

"Watu wa mjini, Mama."

Akacheka. "Basi, mwanangu, walikuwa kama sisi."

Nilimwomba radhi kwa habari ya ile sahani. Akasema kwamba amekwisha kusahau. Lakini akaongeza kuwa sahani yenyewe ilikuwa na ukingo wa buluu. Jioni ile alimfundisha mke wangu kutengeneza, na watoto walikula mpaka wakaramba vidole.

Ndugu askari na akina mama mlio kambini, maziwa mabichi yaweza kuleta kifua kikuu na magonjwa mengine, kwa hiyo yachemsheni kwanza. Njia iliyo rahisi na salama ni hii. Chemsha lita moja ya maziwa, uyaepue, kisha utie vijiko vikubwa viwili au vitatu vya maji ya limau huku ukikoroga polepole. Yakishagawanyika, yachuje kwa kitambaa safi, utie chumvi kidogo. Kuleni siku hiyo hiyo.

Na mgeni akija, wekeni mezani bila haya. Kama atauliza jina lake, mwambieni ni jibini la kibandani, lililotengenezwa na mama aliyeuza samli ili mtoto wake asome.