Kutoka Jogoo hadi Chungwa: Kumbukumbu ya Vyama Kisumu Ndogo

Ukiritimba wa chama, yaani hali ambapo chama kimoja hushinda uchaguzi baada ya uchaguzi katika eneo fulani hadi wapinzani wake wakate tamaa, kwa kawaida huelezwa kwa ramani ya nchi nzima na hesabu ya viti vya Bunge. Katika Kisumu Ndogo ya Kibera, kijiji ambacho wakazi wake wengi walitoka Nyanza kutafuta kazi Nairobi, historia hiyo husomeka vizuri zaidi katika mambo ambayo wazee bado huyakumbuka: nani aliruhusu nyumba ijengwe, kadi ya chama gani ilidaiwa sokoni, na kodi ya chumba ilipandishwa na nani.

Ardhi ya Kibera ni ya serikali tangu ukoloni, nao Wanubi, wazao wa askari Waafrika wa jeshi la Waingereza waliokaa hapo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, walisubiri hadi 2017 kupata hati ya jumuiya ya sehemu yake tu. Pasipo na hati, idhini ya kujenga hutoka kwa mwenye mamlaka, na katika miaka ya 1970 na 1980 mwenye mamlaka alikuwa chifu, mtumishi wa serikali ambayo haikujitenga na KANU, chama tawala cha alama ya jogoo. Ndiyo maana wengi wa waliojenga nyumba za kupangisha hawakuishi Kibera, na wengi wa waliolala humo hawakumiliki ukuta waliouegemea. Tangu KPU ya Jaramogi Oginga Odinga ipigwe marufuku Oktoba 1969, mkazi wa Kisumu Ndogo hakuwa na chama kingine cha kuchagua, na kifungu cha 2A kilichoingizwa katika Katiba mwaka 1982 kiliifanya hali hiyo kuwa sheria. Vijana wa KANU walidai kadi masokoni na kwenye vituo vya matatu, na mwaka 1988 wapigakura walipangwa kwa mlolongo, wakasimama hadharani nyuma ya picha ya mgombea wao huku watu wa utawala wakiwatazama. Chama kilichotawala namna hiyo kilipata utiifu bila mapenzi, na utiifu huo haukudumu hata siku moja baada ya kura kurudi kuwa siri.

Tarehe 29 Desemba 1992 eneo bunge la Lang'ata, ambalo Kibera ilikuwa sehemu yake, lilimwacha Philip Leakey wa KANU, likamchagua Raila Odinga wa FORD-Kenya, mtu aliyekaa kizuizini miaka mingi. Hapo ndipo linapoanza jambo lenye uzito katika kumbukumbu hii, kwa sababu ndani ya miaka 15 chama kilibadilishwa mara 4 ilhali kura zilibaki kwa mtu yuleyule. Baada ya kushindana na Kijana Wamalwa juu ya uongozi wa FORD-Kenya, Raila alihamia NDP, chama cha alama ya trekta, akalazimika kurudi kwa wapigakura mapema 1997 kwa mujibu wa sheria iliyotungwa 1966 ili kuibana KPU ya baba yake. Akashinda, na jina la Tinga, yaani trekta, likamganda. Machi 2002 NDP ikamezwa na KANU, na kwa miezi michache watu waliokuwa wamemfukuza jogoo wakaambiwa wamkaribishe, kabla ya Oktoba kuwapeleka LDP na muungano wa NARC. Kutoka kura ya maoni ya Novemba 2005, ambapo waliopinga rasimu ya Katiba walipewa alama ya chungwa, ikazaliwa ODM.

Si haki kuuita uaminifu huo upofu wa kikabila, ingawa kabila lilikuwa na nafasi yake. Mpangaji asiye na hati alimwona mbunge huyu kuwa ndiye pekee mwenye nguvu ya kusema na mwenye nyumba, na ushahidi ulionekana mwishoni mwa 2001, Raila akiwa waziri wa Moi, pale Rais alipotamka hadharani kwamba kodi za Kibera zilikuwa juu mno. Wapangaji waligoma kulipa, wenye nyumba, wengi wao Wanubi na Wakikuyu, wakakataa kushusha, watu wakauawa na familia nyingi zikahama. Kodi, chama na kabila vilikuwa vimefumwa pamoja, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 mfumo huo ulilipuka vibaya zaidi: majirani walichomeana nyumba, reli ya Uganda ikang'olewa Kibera, na nchini kote zaidi ya watu 1,100 wakafa. Ni vigumu kuandika juu ya majira hayo bila uchungu, kwa kuwa waliokufa pande zote walikuwa wapangaji wa vyumba vilevile.

Baada ya hapo ushindani wa kweli ulihamia kwenye mchujo, yaani kura ya ndani ya kumteua mgombea wa chama, kama ilivyokuwa kusini mwa Marekani hadi miaka ya 1960, ambako aliyeshinda mchujo wa Democratic alihesabiwa kuwa ameshinda kiti. Kibera ilipofanywa eneo bunge la Kibra mwaka 2013 ilimchagua Ken Okoth wa ODM, naye alipofariki Julai 2019, kampeni ya uchaguzi mdogo iliendeshwa kwa kauli kwamba hapo ni chumba cha kulala cha Baba, yaani Raila. Imran Okoth wa ODM alipata kura 24,636 dhidi ya 11,230 za McDonald Mariga wa Jubilee, ijapokuwa Nairobi yenyewe ilikuwa na gavana wa Jubilee.

Mkataba wa ODM na UDA ya Rais William Ruto, uliotiwa saini 7 Machi 2025, uliisogeza ngome hii upande wa serikali bila kura kupigwa, na 15 Oktoba mwaka huohuo Raila akafariki India. Uongozi wa chama umekwenda kwa kaka yake, Oburu Oginga, na uchaguzi mkuu wa 2027 utakuwa wa kwanza tangu 1992 ambao jina la Raila halitakuwa kwenye karatasi ya kura ya Kisumu Ndogo, ambako hati ya ardhi kwa mpangaji haijapatikana chini ya chama chochote kati ya hivyo vyote.