Waridi la Jangwani
Hapa Mbale, mvua za Mlima Elgon zimetuzoesha kijani, hata Karamoja ikitajwa wengi huona ukame na njaa tu. Mama yangu alizaliwa huko, na mzaha huo umenichosha. Likizo iliyopita, karibu na Moroto, nilipiga picha ya waridi la jangwani. Nilipiga magoti asubuhi kabla upepo haujaanza, nikasogeza simu karibu na ua, nikabana pumzi. Petali tano za waridi, kingo nyekundu, katikati peupe. Shina nene lisilo na jani, limeweka maji ndani. Utomvu wake ni sumu, wawindaji waliupaka mishale. Picha nimeibandika ukutani bwenini. Anayeuliza ni wapi, namjibu: ni kwetu.